Masikio Yaliyovaa Shiromani

Homa ilimshika Echat Jumatatu, na ilipofika Alhamisi shingo yake ilikuwa imekauka kama gogo. Ulikuwa mwaka wa themanini na moja, mvua za kaskazi zimeikalia Mutsamudu wiki nzima, maji yakiteremka vichochoro vya mji wa kale kama yanayokimbizwa. Mama yake, Mouzdalifa, alimbeba mgongoni mpaka hospitali, msichana wa miaka kumi na minne, miguu yake mirefu ikiburura chini. Wauguzi walimdunga sindano asubuhi na jioni. Mmoja wao alimwambia Mouzdalifa ukweli bila kumzungusha: hii ni homa ya uti wa mgongo, na wengi wanaoingia nayo hawatoki. Echat alitoka. Siku ya kumi na mbili alifumbua macho, akaomba uji, kisha akauliza kwa nini watu wote wananong'ona.

Hakuna aliyekuwa akinong'ona. Wodi ilijaa watoto wanaolia, na mvua ilikuwa ikilipiga bati la paa hata mtu huwezi kusikia jina lako ukiitwa.

Mouzdalifa alikuwa mwanamke wa mjini, mtoto wa nyumba ya mawe, na nyumba ile ilikuwa yake mwenyewe, kwa desturi ya Komoro kwamba mwanamke hujengewa na wazazi wake na mume ndiye anayehamia. Marehemu baba yake alikuwa fundi, jina wanalopewa kule walimu wa chuo cha Kurani. Mafundi wengi waliwafundisha mabinti kusoma tu. Yeye wa kwake alimfundisha na kuandika. Kwa hiyo tangu usichana wake, Mouzdalifa ndiye aliyewaandikia majirani barua za kwenda Zanzibar na Majunga, huko Madagaska, lugha ya kwao kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mdogo ulioinama kama nyasi baada ya upepo. Shule ya Kifaransa hakuingia hata siku moja. Kifaransa kwake kilikuwa kelele za ofisini.

Mumewe, Assoumani, alikuwa karani wa posta huko Moroni, mji mkuu, na kila likizo alivuka kwa meli kuja Nzwani, kisiwa chao. Serikali ya mapinduzi, iliyofuata baada ya uhuru, ilikuwa imewafukuza makarani na kuwakabidhi vijana wa shule ofisi zao, na Assoumani alikaa nyumbani mwaka mzima akitazama dari. Kisha Mei ya sabini na nane mamluki wa kizungu wakashuka na bunduki zao, serikali ile ikaanguka, makarani wakaitwa tena kazini. Alirudi, lakini alirudi akiwa mtu wa sauti ndogo. Aliwahi kumwambia mkewe kwamba kiti kikishaondolewa chini yako mara moja, hukikalii tena kwa uzito wako wote.

Ni yeye aliyetaka mtoto apelekwe Moroni, kwenye hospitali kubwa, aonwe na daktari wa masikio aliyekuwa akipita kutoka ng'ambo. Daktari alimwekea Echat kijiuma cha chuma kinacholia nyuma ya sikio, akapiga makofi nyuma yake, akamulika ndani kwa taa. Kisha akaandika karatasi, akazungumza kidogo na Assoumani kwa Kifaransa. Mouzdalifa hakuhitaji kutafsiriwa. Aliyaona mabega ya mumewe yakishuka.

Echat naye aliyaona. Walipotoka nje alitangulia peke yake, akitembea haraka kuelekea bandarini bila kugeuka nyuma. Pale njia panda askari walikuwa wamefunga barabara kwa sababu msafara wa wakubwa ulikuwa unapita. Walikuwa walinzi wa rais, sare nyeusi, na ofisa wao alikuwa mzungu mwenye shingo iliyobabuliwa na jua. Watu wote walikuwa wamesimama. Echat hakusimama. Mzungu alipaza sauti, akapaza tena. Askari mmoja kijana, Mkomoro, akainua bunduki.

Mouzdalifa hakukumbuka alivyokimbia. Alichokumbuka ni kwamba shiromani yake, lile vazi jekundu wanalojitanda wanawake wa Nzwani, ilidondoka njiani na hakuigeukia, na kwamba alimkumbatia mtoto kwa nyuma na wote wawili wakaanguka magoti kwenye lami. Assoumani alikuwa ameinua mikono, mgongo umepinda, akirudia neno lile lile mbele ya yule mzungu: surde, surde, yaani kiziwi. Ndilo neno la kwanza la Kifaransa ambalo Mouzdalifa alilielewa bila kuambiwa. Mzungu alimtazama msichana, akasema kitu, wenzake wakacheka, kisha akawapungia mkono waondoke. Echat alikuwa akipiga kelele bila kujua kwamba anapiga kelele.

"Nimefanya nini? Kwani nimefanya nini?"

Mouzdalifa alimjibu mara tatu kwa mdomo, bure.

Melini, wakirudi Nzwani wawili peke yao, Mouzdalifa aliitoa ile karatasi ya daktari, akaigeuza upande mweupe, akaomba penseli kwa mwanamke aliyeketi jirani. Aliandika: Daktari amesema masikio hayatarudi. Pale barabarani askari walikuamuru usimame, hukusikia, mmoja akataka kukupiga risasi. Hukufanya kosa lolote. Echat alisoma polepole. Herufi zile alizijua kabla ya zile za shule, kwa kuwa alizisoma chuoni kwa babu yake. Alisoma mara ya pili, akamrudishia mama karatasi, akajilaza mapajani pake, na hawakuandikiana tena mpaka milima ya kwao ilipoonekana.

Kabla ya homa, Echat alikuwa msichana wa kwanza katika darasa lake. Sasa alikwenda shule kila asubuhi na kurudi na daftari jeupe. Mouzdalifa alidhani mtoto amekata tamaa, mpaka alipomwendea mwalimu mwenyewe akaelezwa. Vitabu vya shule vilikuwa vimetawanyika katika miaka ya vurugu, na vipya havikuja. Chaki ilikuwa ya kubana. Somo zima lilitoka kinywani mwa mwalimu na kuingia katika madaftari ya wanafunzi. Ubaoni ziliandikwa tarehe, kichwa cha habari na mafumbo ya hesabu. Asiyesikia hakuwa na somo.

Mwalimu huyo, Dhoihir, alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu. Enzi za mapinduzi alikuwa mmoja wa wale vijana waliopewa kamati na mihuri, na sasa, serikali ikiwa ya wengine, alitembea akiambaa ukutani. Alimwambia Mouzdalifa kwa upole kwamba hana la kumfanyia. Wanafunzi ni hamsini na wawili, yeye ni mmoja, na mambo mengine anayoyafundisha anayasoma usiku wa kuamkia somo.

Mouzdalifa alilala na maneno hayo siku tatu. Siku ya nne alimwendea mkuu wa shule, akaomba ruhusa ya kukaa darasani pembeni ya mwanawe na kuandika kila kinachosemwa. Mkuu alimwuliza kama anajua Kifaransa. Akasema hajui. Akamwuliza sasa ataandika nini. Akasema ataandika sauti, kama zinavyotoka. Mwanawe ndiye atakayejua maana yake. Mkuu alisema shule haina kiti cha ziada.

Jumamosi asubuhi watu wa mtaa wa madrasa walimwona binti wa marehemu fundi, mwanamke mwenye heshima zake, akipanda njia ya shule na kiti kichwani.

Mwanzoni ilikuwa shida tupu. Kifaransa kilikuwa na sauti zisizokuwa na herufi, sauti za kupuliza midomo, sauti za puani kama za mtu mwenye mafua. Mouzdalifa aliweka nukta tatu hapa, kijimstari pale, akabuni alama zake mwenyewe. Mwalimu alikwenda mbio. Akiandika neno moja, matatu yamempita. Jioni, Echat aliyatandaza madaftari mkekani, akisoma kwa sauti yake mpya isiyo na kipimo, mara juu mara chini, akijaribu kuona neno gani la Kifaransa limejificha ndani ya herufi za babu yake. Wiki ya tatu alikwama kwenye kitu ambacho mama alikuwa amekiandika mara sita: lafutusintezi. Alikirudia na kukirudia. Ghafla akaelewa kwamba ni namna mmea unavyojipikia chakula kwa jua, akacheka mpaka akalala chali. Mouzdalifa hakujua kinachochekesha ni nini, lakini alikuwa hajasikia kicheko hicho tangu kaskazi, akaenda jikoni akajifanya anatafuta chumvi.

Kidogo kidogo mkono wake ukawa mwepesi. Aliandika kila kitu, hata kikohozi cha mwalimu, hata "enh" zake. Dhoihir aliudhika, kisha akaona haya, kisha akaanza kuandaa masomo yake vizuri zaidi, kwa sababu si jambo dogo kuwa na mtu mzima anayekunukuu neno kwa neno. Akaacha kuongea huku akiutazama ubao. Akajizoesha kumgeukia Echat anapolisema neno gumu, na Echat naye akaanza kusoma midomo.

Mjini walisema mengi. Wengine walimsifu. Wengine walisema mwanamke aliyeolewa hakai chumba kimoja na wavulana wenye ndevu. Mouzdalifa aliyasikia yote na hakuyaandika. Na hapo ndipo kosa lake lilipoanzia, kwa sababu mtu akishashika kalamu ya mwenzake huanza kuchagua.

Siku moja mvulana wa dawati la mbele alisema kitu, darasa zima likaangua kicheko, hata Dhoihir akauma mdomo. Echat aliona vicheko, akamgeukia mama yake na kugonga daftari kwa kidole. Mouzdalifa aliandika kwamba kijana kasema mvua itanyesha. Echat alitazama dirishani. Jua lilikuwa kali.

Ilimchukua siku mbili kuupata ukweli, kwa rafiki yake aliyemwandikia kwenye kiganja. Kijana yule alikuwa amesema: Echat ana masikio, ila yamevaa shiromani. Alirudi nyumbani, akaliweka daftari mbele ya mama yake, akalifunga.

"Hilo la shiromani halikuniuma," alisema, na sauti yake ilifika hadi kwa majirani. "Hata linachekesha. Lakini wewe umeniandikia mvua. Nikishaanza kujiuliza kipi umekiacha, mama, basi hata fizikia siiamini."

Siku tatu hakulifungua daftari lile. Mouzdalifa aliendelea kwenda, akiketi kitini mwake na kuandika, na msichana akitazama mbele kama sanamu. Ilikuwa adhabu asiyoijua maishani mwake, kuandika barua ambayo mwenye kuandikiwa hataki kuisoma. Siku ya nne alichukua ukurasa mpya na kuandika yote aliyokuwa ameyaacha tangu mwanzo: ya wavulana, ya wanawake wa kisimani, ya shangazi aliyesema heri homa ingemaliza kazi yake. Kurasa tano. Echat alizisoma akiwa ameupa ukuta mgongo. Alilia kidogo kwenye ile ya shangazi. Kisha akauliza kazi ya hesabu ya Jumatano ilikuwa ipi.

Idi ya mwaka uliofuata, Assoumani alikuja na habari. Mfanyabiashara mmoja wa Ntsoudjini, karibu na Moroni, jina lake Boina, alikuwa akimtaka Echat. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye mke na watoto kwao Ngazidja, kisiwa cha Moroni. Biashara yake ilimleta Mutsamudu mara kwa mara na alihitaji nyumba ya kufikia. Alikuwa tayari kuimalizia ghorofa ya juu ya nyumba ya Mouzdalifa iliyosimama bila paa tangu baba yake alipofariki. Alikuwa anajua habari ya masikio, na hakujali.

Walikutana sebuleni mchana wa Idi pili: Assoumani, Mouzdalifa, na kaka yake Mouzdalifa, Chanfi, ambaye kama mjomba ndiye aliyekuwa na neno zito kuliko hata la baba. Echat alileta chai na mikate ya mchele, akapaswa kuondoka. Hakuondoka. Aliona namna baba yake anavyosema bila kumtazama, na namna mjomba anavyomtazama bila kusema. Akaenda akachukua daftari na penseli, akaviweka mapajani mwa mama yake, akaketi mkekani.

"Andika," alisema.

Assoumani alisema kwa sauti yake ndogo kwamba si lazima, mtoto ataambiwa wakati wake ukifika, kwa utaratibu. Chanfi alinywa chai.

Mouzdalifa alimwelewa mumewe, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Alijua si tamaa. Assoumani alikuwa mtu aliyesimama mbele ya bunduki akirudia neno moja, na tangu siku ile alikuwa akimwona binti yake akivuka barabara kila alipofumba macho. Alitaka mwanamume mwenye nguvu asimame kati ya mtoto na kelele asizozisikia. Mouzdalifa angeweza kuandika nusu yake, kwamba baba yako anazungumzia kumalizia nyumba. Isingekuwa hata uongo.

Aliandika jina la Boina, umri wake, mke wa Ntsoudjini, ghorofa ya juu. Aliandika na maneno ya mumewe, kwamba asiandike. Akampa.

Echat alisoma hadi mwisho. Alisimama na kumwelekea mjomba wake, kama inavyopasa.

"Mjomba, nakuheshimu. Mwakani nina mtihani. Sitaki kuolewa na mtu ambaye hajali kama sisikii. Atasema chochote mbele yangu, na nani ataniandikia?"

Alidhani anaongea taratibu. Nje, kichochoroni, watoto waliacha kucheza. Chanfi alitua kikombe, akamtazama dada yake na daftari lile, kisha akasema mtihani utangulie, mengine yatafuata. Assoumani aliondoka kwa meli ya Jumanne bila kugombana na mtu.

Mtihani wa kumaliza shule ya kati, ule wanaouita breve, ulifika Juni ya themanini na tatu. Mouzdalifa hakuruhusiwa kuingia, na hilo walilijua. Hesabu ilikuwa ya kuandika, historia ya kuandika. Lakini asubuhi ya kwanza ilikuwa imla ya Kifaransa, na imla haina njia ya kuipita. Dhoihir alikuwa ameandika Moroni mara mbili kuomba mtoto apewe njia nyingine, na hakujibiwa. Alimsihi msomaji wa imla, mwalimu mzee kutoka shule nyingine, angalau asimame mbele yake. Mzee alikubali kwa moyo safi. Alisimama pale kwa sentensi ya kwanza, kisha mazoea ya miaka thelathini yakamchukua, akaanza kutembea kati ya madawati na kitabu chake, mgongo kwa msichana. Echat aliandika sentensi moja, haikuwa na kosa. Chini yake pakabaki peupe.

Aliporudi hakulia. Alisema tu kwamba mzee yule ana viatu vizuri, amevitazama saa nzima. Matokeo yalipotoka alikuwa wa pili katika hesabu kwa mji mzima, na jina lake halikuwamo katika waliofaulu.

Mouzdalifa alimsubiri kaka yake. Alijua mtihani umetangulia, na yaliyobaki ndiyo yanayofuata. Chanfi alikuja, akakaa, akauliza hali, akaondoka bila kutaja jina la Boina. Wiki ile ile Assoumani alituma ujumbe kwa baharia mmoja, akitaka apelekewe ile karatasi ya daktari. Hakusema ya nini. Mouzdalifa aliifikiria ghorofa ya juu, akafikiri labda Boina anataka ushahidi kwamba ugonjwa si wa kurithi, na kwa siku nzima alikataa moyoni kuitoa. Kisha akaituma.

Mwezi na nusu ulipita. Bahasha iliyorudi ilikuwa na barua iliyopigwa chapa, yenye muhuri. Dhoihir aliisoma, akaketi, akaisoma tena. Ilisema mtahiniwa aliyetajwa, kwa sababu ya hali iliyothibitishwa na daktari, atapewa mwakani maandishi yenye makosa ayasahihishe, badala ya imla. Ndani yake hapakuwa na neno hata moja la Assoumani. Baadaye ndipo waliposikia kwa mtu wa posta kwamba karani yule mwenye sauti ndogo alikuwa akienda kusimama kwenye ofisi ya mitihani kila siku saa ya chakula cha mchana, siku ishirini na sita za kazi, akiambiwa aje kesho. Siku moja mkubwa wa pale alimwuliza kwa ukali yale maandishi ya Kiarabu ya penseli nyuma ya karatasi ni ya nini. Assoumani alimsomea. Mkubwa yule alimwita mpiga chapa.

Boina alioa huko Domoni, mji mwingine wa Nzwani, mwaka huo huo. Ghorofa ya juu iliendelea kunywa mvua.

Echat alifaulu mwaka wa themanini na nne, akiwa na miaka kumi na saba. Mouzdalifa alikuwa amekaa darasani miaka mitatu na zaidi, na siku moja Dhoihir alipokosea tarehe, mkono wa Mouzdalifa ulisita, naye akagundua kwamba amekielewa Kifaransa kile. Hakumwambia mtu. Alihisi kama aliyejikuta ndani ya chumba cha watu bila kubisha hodi.

Shule ya sekondari ya juu haikumfaa Echat. Walimu walikuwa wengi, kila mmoja na mwendo wake, na yeye mwenyewe alisema amechoka kumfanya mama yake mwanafunzi. Ni muuguzi mmoja aliyemtajia kwamba hospitali kubwa ya Moroni inachukua vijana wachache kufundishwa kazi ya maabara, kusoma damu kwa hadubini na kutafuta vijidudu vya malaria. Kazi ya macho, alisema. Echat aliomba, akachukuliwa. Alipanda meli Januari ya themanini na tano, na Assoumani alimpokea bandarini. Miezi ya kwanza baba na binti walitembea pamoja asubuhi na jioni, baba upande wa barabara, kwa sababu askari wenye sare nyeusi walikuwa bado njiani na sauti zao zilikuwa zile zile. Barua za Echat hazikuficha mambo. Wenzake walimcheka kwa sauti yake, akaamua kuongea kidogo. Mkuu wa maabara alimwamini. Alikuwa mpweke siku za Ijumaa. Chumba chake kilivuja.

Mouzdalifa alizisoma barua hizo na kuziweka chini ya Kurani ya baba yake. Siku nyingine alijivuna. Siku nyingine alijiuliza kama alimsaidia mtoto, au alimwahirishia tu huzuni mpaka mahali ambapo yeye hayupo kuiona. Alipomwuliza Assoumani, alisema tu kwamba mtoto anakula vizuri.

Asubuhi moja ya mwaka wa themanini na sita, mwanamke alibisha hodi. Alikuwa mtu wa milimani, miguu imejaa udongo mwekundu, na hakuvuka kizingiti, kwa kuwa watu wa vijiji vya juu walikuwa wamezoea kusemeshwa na watu wa mjini wakiwa barazani. Alisema jina lake ni Koultoumi. Ameshuka tangu alfajiri. Amesikia kwamba hapa kuna mama aliyemfundisha mtoto asiyesikia mpaka akawa daktari.

Mouzdalifa alimwambia si daktari, akamkaribisha ndani, akasisitiza, mpaka akaingia. Nyuma ya nguo yake kulikuwa na msichana wa miaka sita, Moina, mwenye macho yasiyotulia. Homa ilimpata akiwa na mwaka mmoja na nusu, alisema Koultoumi. Hajawahi kusema neno. Chuo cha kijiji kilimrudisha, wakasema ana shetani. Akauliza aanze na herufi gani.

Mouzdalifa alimtazama yule mtoto. Mwanawe yeye alikuwa na miaka kumi na minne ya maneno kichwani kabla masikio hayajafungwa. Alichofanya yeye kilikuwa kuyaita tu yatoke. Huyu hakuwa na kitu cha kuitwa. Pengine alikuwa hajui hata kwamba vitu vina majina.

Angeweza kusema maneno matamu. Mwanamke ametembea mwendo wa saa nne.

"Dada yangu, sijui," alisema. "Wangu alijua kusoma kabla ya kuugua. Kwa huyu wako sijui pa kuanzia, na simjui anayejua."

Koultoumi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetarajia hilo na bado akaja. Moina alikuwa amefika penye kapu la ndimu. Alichukua moja, akainusa, akaiinua kumwelekea Mouzdalifa, nyusi zimepanda juu.

Mouzdalifa alikuwa ameona watu wengi wakiuliza maishani mwake, na huko kulikuwa kuuliza. Alikunja uso kama aliyeonja kitu kikali, akagusa shavu lake kwa kidole. Moina alimtazama. Kisha naye akakunja uso, akagusa shavu, akaonyesha ndimu.

Koultoumi aliuliza kama wanaweza kurudi Alhamisi. Mouzdalifa alisema warudi, na kwamba leo wasiondoke kabla ya kula. Akaenda kuongeza wali, na alipokuwa akipepeta mchele alianza kutunga kichwani barua kwa Echat, kumwuliza kama huko Moroni kuna mtu yeyote, daktari au mtawa au mgeni, anayejua namna ya kumfundisha mtoto ambaye hajawahi kusikia neno.